Eda Ndani ya Nyumba ya Kuuza

Nyumba yenyewe ilikuwa Ntinda, ile ya zamani, ya wakati watu walikuwa bado wanajenga na veranda kubwa mbele na bomba la moshi ambalo hakuna aliyewahi kuwasha moto chini yake. Ukipita nje ungesema ni nzuri. Ukiingia ndani, popo. Popo juu ya dari, uchafu wao umeshuka na maji ya mvua ukaacha michirizi ukutani kama chai iliyomwagika, na harufu ile, mtu ukitoka unanusa shati lako njia nzima. Mwenyewe alishakwenda Kanada na hakutaka tena kusikia habari zake. Ndiyo maana bei ilikuwa ya chini vile.

Aliyeiona kwanza ni Hamim, mtoto wa mwisho wa Mzee Sebit. Hamim alikuwa fundi wa taili, na pale Ntinda alikuwa amepanga taili za watu wengi. Anapiga magoti kwenye bafu la mtu wiki mbili, anatoka, mwenyewe anaingia anaoga. Siku moja akapita kwenye geti lile, akachungulia, akaja na habari mpaka Bwaise kwa baba yake, hata kiatu hakuvua vizuri mlangoni.

"Baba, tukiinunua ile, tukaitengeneza, tukaiuza, kila mtu anatoka na kitu."

"Tukiinunua sisi akina nani?"

"Wewe, mimi, na shangazi."

Sebit akacheka mpaka akakohoa. Maisha yake yote alikuwa dereva wa lori, Juba, Goma, Mombasa, na pesa ya lori unajua mwenyewe inavyokwisha barabarani. Alichokuwa nacho duniani ni hiyo nyumba ya Bwaise waliyokuwa wamekaa ndani yake, vyumba vitatu, aliyoijenga na marehemu mkewe Mubaraka kidogo kidogo, safari moja ya Juba inaleta madirisha, safari nyingine mlango. Mvua kubwa ikinyesha maji yanapanda mpaka ndani, wanapandisha godoro juu ya meza, maji yanaondoka, wanafagia tope, maisha yanaendelea. Ukutani Mubaraka alikuwa ametundika tabaga zake, zile sinia za kusuka wanazosuka kina mama wa Kinubi, nyekundu, zambarau, kijani, kubwa na ndogo, ukuta mzima. Mgeni akiingia, macho yake yanakwenda pale kwanza. Hata maji yakija, Sebit alikuwa anaangalia tabaga kwanza, godoro baadaye.

"Mimi nina nini cha kukupa?" akamwambia mtoto wake. "Unataka niuze meno?"

"Meno yenyewe yamebaki mangapi, Baba?"

Walikuwa wanataniana hivyo. Wengine walishangaa, baba na mwana wanataniana kama watu wa rika moja, lakini Hamim alikua ndani ya lori, analala nyuma ya kiti cha dereva tangu mama yake alipokuwa anauguza bibi, na njia ndefu inafanya watu kuwa marafiki.

Shangazi alikuwa Rukiah, dada yake Sebit anayemfuata. Rukiah aliuza vitenge na mashuka pale Nakivubo, kibanda chake ndani ya jengo, ghorofa ya chini ambako wateja wanapita, si juu ambako unakaa unahesabu nzi. Mwanamke wa maneno makali, lakini mkono wake ulikuwa wazi. Aliitwa, akaja na mandazi, akakaa chini ya zile tabaga, akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema ataweka mtaji wake wote wa duka.

"Wote?" Sebit akauliza.

"Nina miaka hamsini na ngapi, kaka? Nitauza mashuka mpaka lini? Nataka kwenda Makka nikiwa bado naweza kutembea, si kubebwa kama gunia."

Pesa ya Rukiah ilitosha kununua nyumba. Haikutosha kuitengeneza. Hamim angetoa mikono yake na akiba yake kidogo, lakini mabati mapya, mabomba, umeme, jiko la kisasa ambalo bila hilo watu wa Ntinda hawanunui, hayo yalitaka pesa nyingine. Hamim akasema benki. Sebit akakataa pale pale.

"Riba haikuingia nyumba hii Mubaraka akiwa hai. Leo niilete mimi?"

"Basi tukae tuombe dua saruji idondoke," Rukiah akasema. Akanywa chai. Halafu akasema, "Yuko Joska."

Joska alikuwa mjane, mtu wa kule juu Arua, anauza mbao na mabati hapo hapo Bwaise karibu na mfereji. Alikopesha pia, lakini kwa njia yake. Hakuna riba, hakuna asilimia. Unamuuzia nyumba yako kwa karatasi, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na muhuri unagongwa. Unaendelea kukaa ndani. Mkipatana tarehe, kabla ya tarehe ile unainunua tena kwake, kwa bei iliyopanda kidogo. Tarehe ikipita, nyumba ni yake, kwa sababu ulishamuuzia.

Sebit akaona hapo hakuna tatizo la dini. Kununua na kuuza Mungu ameruhusu. Hawakumuuliza shehe, kwani cha kuuliza nini? Baadaye sana ndipo Shehe Umar alipotikisa kichwa na kumwambia, "Mzee wangu, riba ni ile ile. Nyinyi mmeivalisha kanzu tu." Lakini siku ile hakuna aliyejua. Sebit akaweka dole gumba kwenye karatasi ya Joska, tarehe ikaandikwa mwisho wa mwezi wa tatu mwaka unaofuata, hati ya Ntinda ikaandikwa jina la Rukiah aliyetoa pesa ya kununulia, na kati yao wenyewe watatu hawakuandika kitu. Walisoma Fatiha, wakapitisha viganja usoni, wakala mandazi.

Kazi ikaanza. Sasa, Kampala ukiwa na nyumba inayotengenezwa, lazima mtu alale ndani. La sivyo utakuja asubuhi ukute bomba limeondoka, sinki limeondoka, hata waya umevutwa kutoka ukutani kama mishipa. Kwa hiyo Hamim na mkewe Zulaikha wakaacha kile chumba chao cha kupanga, wakahamia Ntinda na godoro, jiko la mkaa na sufuria mbili. Walilala chumba kile kilichokwisha kwanza. Kingine kikiisha wanahamia pale, ili rangi ya cha kwanza isichafuke. Zulaikha alikuwa anasema amekuwa kama malkia, kila mwezi chumba kipya.

Msichana mpole, Zulaikha. Miaka sita ya ndoa na mtoto hakuna. Mimba mbili zilikuwa zimetoka, moja ilitoka usiku wa mafuriko akiwa anabeba vitu kuviweka juu. Watu wa Bwaise walisema yao. Hamim hakuwahi kumwambia neno.

Sebit alikuja karibu kila asubuhi. Hakuwa na kazi ya kufanya. Aligeuza ndoo, akakaa, akatoa maoni. Taili hii imepinda. Haikupinda, Baba, ni jicho lako limepinda. Popo walipofukuzwa walikwenda kwenye nyumba ya jirani, jirani akaja kulalamika, na Sebit akamjibu kwa sauti ya upole kwamba wale popo wana haki ya kuchagua mtaa. Kulikuwa na mpaka rangi mmoja anayeimba nyimbo za kanisa siku nzima, sauti nzuri kweli, na ilipofika saa ya swala alinyamaza mwenyewe, hakuna aliyemwambia. Rukiah alikuja Jumapili kugombana kuhusu rangi ya jiko. Kwa kweli zilikuwa siku nzuri. Sebit alikuwa akirudi Bwaise jioni na vumbi la saruji kwenye ndevu na hajisikii kuwa mzee.

Mnunuzi akapatikana kabla hata dari halijaisha. Erinayo, mtu mzima, ametulia, ana mke mwalimu na watoto watatu. Mke akaingia jikoni, akafungua kabati, akafunga, akafungua tena. Hamim akamkonyeza baba yake. Wakapatana bei. Erinayo alitaka kuhamia kabla watoto hawajaanza shule mwezi wa pili, shule yenyewe iko hapo hapo Ntinda. Hesabu yote ilikaa sawa. Rukiah anapata mtaji wake na zaidi, Sebit anainunua tena nyumba yake kwa Joska, na kinachobaki Hamim anaanza nyingine.

Kilibaki kitu kimoja, tangi la maji. Lilikaa juu ya mnara wa chuma nyuma ya nyumba. Mwezi wa kumi mvua zilikuwa zimeanza, na valvu ya juu ilikuwa inavuja. Kazi ya fundi bomba, lakini fundi bomba alisema atakuja kesho, na Hamim hakupenda neno kesho. Akapanda. Sebit alikuwa amekaa kwenye ndoo yake, anamenya chungwa.

"Shuka, chuma kimelowa," akamwambia.

"Nashuka, Baba."

Akashuka kweli, lakini si kwa ngazi. Alianguka kwenye matofali yaliyobaki. Sebit alifika kwake na chungwa bado liko mkononi. Hamim alikuwa anamtazama, macho wazi, kama mtu anayetaka kuuliza kitu. Hakuuliza. Kwenye gari ya kwenda hospitali Zulaikha alishika kichwa, Sebit alishika miguu, na kabla hawajavuka barabara kubwa miguu ile ilikuwa imebadilika uzito. Dereva wa lori anajua mzigo. Alijua, lakini hakumwambia Zulaikha mpaka walipofika.

Walimzika Bombo, kwa wazee wao, kesho yake kabla ya adhuhuri. Joska alikuja na watu wake, akalia kabisa, si kilio cha kuonyesha. Erinayo alikuja pia, akasimama nyuma na kofia mkononi.

Ndipo Shehe Umar akasema mjane atakaa eda katika nyumba aliyokuwa anaishi mumewe alipofariki. Watu wakatazamana. Chumba cha kupanga kilishapewa mtu mwingine. Zulaikha alikuwa anaishi Ntinda, ndani ya nyumba ya kuuza.

"Miezi minne na siku kumi," Rukiah akasema, na Sebit akaona midomo yake ikihesabu. Hesabu ilifika mwezi wa pili. Alikwenda mwenyewe kwa Erinayo akamweleza, mwanamke hatoki, na wanaume wa nje hawaingii kwake, tusubiri. Erinayo akasema, "Mama, hata kwetu tunaheshimu msiba. Nitangoja mpaka mwezi wa pili. Zaidi ya hapo siwezi, kuna watoto." Ilikuwa ni uungwana, na walimshukuru. Mwezi wa pili wauze, mwezi wa tatu Sebit amlipe Joska. Nafasi ilikuwa ndogo lakini ilikuwepo.

Kwa hiyo Zulaikha akakaa ndani ya zile kuta mpya. Nguo moja isiyo na pambo, hana manukato, hana hina, nywele chini ya kitambaa. Kila taili aliyokanyaga mumewe ndiye aliyeiweka. Wanawake walikuja, wakakaa naye, wakaondoka. Sebit kwake alikuwa baba, aliruhusiwa kuingia, na alikuja kila siku na maziwa au ndizi. Ile ndoo haikuguswa. Ilikuwa pale pale nyuma, imegeuzwa, na yeye alipita upande mwingine wa nyumba ili asiione.

Mwezi wa kwanza katikati alimkuta Zulaikha amelala, uso umegeukia ukuta.

"Unaumwa, binti yangu?"

Akavuta shuka mpaka begani. Halafu akasema, bila kugeuka, "Baba, nina mimba ya Hamim. Nilijua kabla ya arobaini. Niliogopa kusema, wale wawili nilisema mapema, nikawapoteza."

Sebit akakaa chini sakafuni. Nitakuambia ukweli, alifurahi mno. Alitaka kwenda kumwambia Mubaraka, halafu akakumbuka, akataka kumwambia Hamim. Zulaikha akaendelea.

"Toka juzi naona damu. Mkunga alikuja. Amesema nisinyanyue kitu, nisipande gari, nisitoke kitandani mpaka nijifungue. Baba, nikitoka hapa na huyu nitampoteza."

Ilichukua muda mpaka Sebit akaelewa kitu cha pili. Alielewa akiwa njiani, amesimama Ntinda barabarani, magari yanapiga honi. Mjane mwenye mimba hahesabu miezi minne na siku kumi. Eda yake inaisha siku anapojifungua, na kujifungua ni mwezi wa sita.

Alimpigia simu Rukiah, naye akaja Bwaise jioni ile ile. Hakuleta mandazi. Akakaa chini ya tabaga, na mkoba wake magotini kama mtu asiyekaa sana.

"Nimetoka kwa Shehe Umar," akasema. "Amesema ikiwa kuna dharura kubwa, mjane anaweza kuhamishwa akamalizie eda mahali pengine. Amesema dharura ni dharura."

"Alisema hii ni dharura?"

"Alisema yeye hajui mambo ya ndani ya nyumba yetu. Anayejua ni mkubwa wa familia. Amesema nikuulize wewe."

Sebit akammiminia chai.

"Kaka, nitamtafutia chumba, kikavu, cha chini, bila ngazi. Nitamlaza mwenyewe, nitampikia. Tutakodi gari la wagonjwa, atabebwa kama yai."

"Mkunga amesema gari hapana."

"Mkunga akisema mvua itanyesha, unaamini?" Akasimama, akakaa tena. "Hati ina jina langu. Ningetaka, kesho ningemleta Erinayo na wakili. Nakuja kwako kwa sababu wewe ni mkubwa wangu. Lakini angalia. Duka langu sasa ni meza tupu, nauza shuka moja moja za kukopa kwa watu. Na wewe, mwezi wa tatu ukifika, hivi unavyoviona hapa vyote ni vya Joska." Akaonyesha ukuta kwa kidole. "Na hizi za wifi yangu utazitundika wapi? Kwenye mti?"

"Na mtoto akitoka njiani?"

"Na akitoka hapo hapo Ntinda kitandani, itakuwaje? Tutakuwa tumepoteza nyumba na mtoto. Wawili walishatoka, kaka. Mimi sio mkatili. Nasema tu kitu ambacho kila mtu anakijua na hakuna anayetaka kukisema."

Alikuwa na haki. Hilo ndilo lililomchoma Sebit. Kama Rukiah angekuwa mbaya, ingekuwa kazi nyepesi. Aliomba siku mbili. Alizitumia zote kuzunguka ndani ya nyumba yake mwenyewe, anagusa mlango wa Juba, madirisha ya Juba, jiwe la kizingiti ambalo Mubaraka alikuwa anakaa kuchambua mchele. Alisali akasahau rakaa. Mara anasema, chumba kikavu, gari polepole, watu wanahamishwa kila siku na hawafi. Mara anaona ile miguu ikibadilika uzito mkononi mwake, ndani ya gari, kwenye mashimo ya barabara.

Siku ya tatu alikwenda Nakivubo. Rukiah alikuwa anakunja shuka. Hakuinua uso.

"Sitambeba mjane wa Hamim kwenye gari," Sebit akasema. "Atakaa pale mpaka azae."

Rukiah akamaliza kukunja, akaweka shuka juu ya nyingine, akaipapasa kuinyoosha ingawa ilikuwa imenyooka.

"Basi usinipe salamu tena mpaka siku hiyo," akasema. "Ondoka mbele ya meza, unaziba wateja."

Wateja hawakuwepo.

Erinayo alingoja mpaka mwezi wa pili kama alivyosema, hakudanganya. Halafu akanunua nyumba nyingine, upande wa Kira. Alipiga simu kuomba radhi, na Sebit ndiye aliyejikuta anamfariji.

Mwezi wa tatu Sebit akamwendea Joska pale kwenye mbao. Mvua zilikuwa zinaanza, mfereji unanuka.

"Mama Joska, nipe mpaka mwezi wa sita."

Joska akaacha kupima mbao. Alikuwa mtu mnene, mzito wa kusema. "Baba Hamim, mwanao nilimlilia. Pesa ingekuwa yangu peke yangu ningesema chukua mwaka. Lakini hii pesa na mimi ni ya watu. Wajane wenzangu kumi na mbili, tunaweka pamoja. Nikikupa wewe miezi mitatu, nitawaambia nini wao?"

"Waambie kuna mtoto anakuja."

"Nao wana watoto, Mzee. Walishakuja." Akamshika mkono. "Nitakupa siku za kuhama bila kukusukuma. Na kama unataka mlango wako, ng'oa uende nao. Siwezi zaidi."

Mlango hakuung'oa. Angeupeleka wapi? Alichukua godoro, birika, koti la safari, picha ya Hamim akiwa ndani ya lori na taulo shingoni. Mwishoni akatoa tabaga. Alizitoa moja moja, akazipanga ndani ya shuka, kubwa chini ndogo juu. Alipomaliza akageuka kuuangalia ukuta. Rangi ilikuwa imepauka na moshi na maji ya miaka yote ile, lakini kila mahali palipokuwa na tabaga pamebaki duara safi, kijani kibichi kama siku walipopaka. Ukuta mzima wa maduara. Alisimama pale mpaka mtu wa gari akapiga honi.

Akahamia Ntinda, kile chumba cha nyuma cha mtumishi, ambacho Hamim hakukiwekea taili kwa sababu wanunuzi hawafiki huko. Kutoka dirishani ule mnara wa tangi unaonekana wote. Mchana alimpikia Zulaikha uji kwenye jiko lile la kisasa, anaogopa kugusa vitu, anafuta kila alama ya kidole. Bado aliona kama ni nyumba ya watu ambao hawajafika. Jioni alikaa nje ya mlango wa chumba chake Zulaikha, mlango wazi, na kumsimulia habari za njia ya Juba, mto uliofurika Nimule, mbuzi aliyesafiri bila nauli. Zulaikha alikuwa anacheka taratibu, mikono ameiweka juu ya tumbo kana kwamba mtoto atamwagika akicheka sana. Damu ilikuja, ikaacha, ikaja, ikaacha.

Wakati huo huo watu wa Bwaise walimletea habari. Joska amevunja ile nyumba, anainua ardhi kwa kifusi, atajenga stoo ya mabati. Sebit akasema amefanya vizuri, maji hayatamsumbua. Alisema hivyo, halafu akaenda kulala bado jua liko juu.

Mtoto alizaliwa mwezi wa sita, alfajiri, pale pale nyumbani. Mkunga aliita mara moja tu, na Sebit alipofika mlangoni kilio kilikuwa kimeshaanza, chembamba, kikavu, kinakwaruza. Mvulana. Mdogo, lakini mzima, vidole vyote. Mkunga akamfunga kwa kitenge, akampa babu yake.

Kazi ile ni ya baba. Sebit akaelekea kibla, akaweka mdomo kwenye sikio lile la kulia ambalo halikuwa kubwa kuliko ganda la karanga, akaanza adhana. Alifika katikati sauti ikamkatika. Akaanza upya, akamaliza. Zulaikha alikuwa amelala ametazama juu, machozi yanaingia masikioni mwake, hayafuti.

Na saa ile ile mtoto alipolia, eda ilikuwa imekwisha. Wote wawili walilijua hilo, hakuna aliyelisema.

Geti likagongwa kabla ya saa sita mchana. Mkunga alikuwa amesambaza habari, na Rukiah alikuja na mtu. Alikuwa amekonda. Kitenge alichovaa kilikuwa cha kufungwa mara mbili sasa. Nyuma yake mwanamume wa viatu vya kung'aa, na funguo za gari anazizungusha kwenye kidole, anatazama dari badala ya watu.

"Asalaam aleikum, kaka," Rukiah akasema. Ilikuwa salamu yake ya kwanza tangu Nakivubo.

"Waaleikum salaam, dada yangu."

"Huyu bwana anataka kuangalia. Bei yake ni ya chini, chini sana, lakini ana pesa mkononi. Anataka nyumba iwe wazi mwisho wa mwezi."

Sebit akahesabu kichwani alivyoweza. Kwa bei hiyo Rukiah angepata mtaji wake, kasoro. Zulaikha na mtoto wangepata kidogo cha marehemu, cha kukodi chumba mwaka mmoja, labda miwili. Chake yeye kingetosha nini? Kwa Joska hakukuwa na nyumba ya kununua tena, kulikuwa na kifusi.

"Sawa," akasema.

Rukiah alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi, ikaonekana. Neno lile moja likamwacha amesimama. Akasogea, akafunua kitenge usoni kwa mtoto aliyekuwa mikononi mwa Sebit. Akaangalia. Akamchukua mikononi bila kuomba, akamsogeza karibu na uso wake, akakaa naye hivyo, na yule mwanamume akaanza kugonga taili kwa ncha ya kiatu kusikiliza kama zimeshika.

"Pua ya Hamim," Rukiah akasema. "Masikio ya wifi yangu, masikini. Angeyapenda."

"Ndiyo."

"Atalala wapi, kaka? Na wewe utalala wapi?"

"Sijui bado."

Rukiah akamrudisha mtoto mikononi mwa Sebit, taratibu, akahakikisha shingo imeshikwa. Akajifuta macho kwa upande wa kiganja, akavuta mtandio mbele.

"Njoo huku, ssebo," akamwambia mwanamume yule. "Uanze na jiko. Wanunuzi wote wanapenda jiko."

Viatu vikalia kwenye zile taili mpaka mwisho wa ukumbi. Sebit akasikia kabati likifunguliwa, likifungwa, likifunguliwa tena.